Kipimo cha Denver, Mtoto wa Kibagabaga

Tuwachukue watoto wawili waliozaliwa usiku mmoja katika wodi ya wazazi ya Kibagabaga, kila mmoja akiwa na gramu 2,400 kwenye mizani. Wa kwanza ametangulia: mimba ilikuwa na wiki 35, na kwa umri huo uzito wake ni wa kawaida kabisa. Kinachomtishia ni mapafu ambayo hayajakomaa, baridi, na kinywa ambacho bado hakijajua kunyonya vizuri. Wa pili amezaliwa wiki ya 40. Ametimiza siku zake zote na analia kwa nguvu, lakini ngozi ya mapaja imelegea, mbavu zinahesabika, na sukari ya damu yake inaweza kushuka ghafla saa chache baada ya kuzaliwa kwa sababu ini lake halina akiba. Huyu alishinda na njaa tumboni kwa wiki nyingi, na hakuna aliyejua.

Takwimu za mwisho wa mwezi, hapa na karibu kila mahali Afrika Mashariki, zitawaweka wote wawili katika safu moja: uzito pungufu wa kuzaliwa. Sura hii inahusu hasara tunayoipata kwa safu hiyo moja. Nitaeleza kwa nini dunia ya tiba imechukua karibu miaka 100 kukubaliana ni mtoto gani hasa amekosa kukua tumboni, na kwa nini makubaliano yaliyopatikana, mazuri kama yalivyo, bado hayajafika kwenye kitanda cha kupimia cha kituo cha afya.

Kibagabaga ni mtaa wa vilima upande wa kaskazini-mashariki mwa Kigali, katika wilaya ya Gasabo. Hospitali yake ni ya umma, na wajawazito wengi huifikia baada ya kuanzia kwenye kituo cha afya na kupewa rufaa. Nimeichagua kwa sababu ni mahali pa kawaida. Haina umaarufu wa hospitali za utafiti, nayo ina kila kitu kinacholifanya suala hili liwe gumu: wakunga wachache na wazazi wengi, mama anayekuja mara ya kwanza mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, na karatasi ya rufaa ambayo mstari wa umri wa mimba una alama ya kuuliza.

Mpaka wa uzito pungufu, gramu 2,500, una mwenyewe. Arvo Ylppö, daktari wa watoto kutoka Finland aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliupendekeza mwaka 1919 ili kuwatenga watoto njiti na wengine. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mwaka 1948. Ilipofika 1961, shirika hilo lilikiri kwamba si kila mtoto mdogo ni njiti, likabadili jina na kuwaita watoto wenye uzito pungufu. Namba likaiacha palepale. Ndivyo mpaka uliowekwa kwa watoto wa Berlin wa enzi ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulivyokuja kuwa mpaka wa Gasabo, Kilifi na Pemba.

Ukitaka kuuona udhaifu wake, angalia jinsi mizani inavyosomwa. Mkunga yuko peke yake, mama wa pili anasukuma mtoto kwenye kitanda cha jirani, mshale unayumba kati ya 2,400 na 2,500. Anaandika 2,500 na kukimbia. Watafiti wanaochambua takwimu za uzazi za nchi nyingi wanalijua rundo hili: uzito wa gramu 2,500 kamili hujitokeza mara nyingi kupita kiasi. Na kwa kuwa kanuni inasema "chini ya 2,500", kila mtoto aliyesogezwa juu kidogo ametoka kwenye hesabu. Simlaumu mkunga. Ninailaumu kanuni inayoning'iniza hatima ya mtoto kwenye namba moja kamili ambayo jicho lililochoka huikimbilia.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Mwaka 1963 daktari wa watoto wachanga Lula Lubchenco na wenzake walichapisha mchoro uliotokana na vipimo vya watoto zaidi ya 5,000 waliozaliwa hospitalini kwao. Kwa mara ya kwanza daktari wa kawaida aliweza kuweka uzito upande mmoja na wiki za mimba upande mwingine, akaona mtoto amesimama wapi kati ya wenzake wa umri uleule. Mwaka 1967 Lubchenco na Frederick Battaglia walipendekeza kwamba mtoto anayeangukia kwenye 10 wa chini kabisa kati ya kila 100 wa umri wake aitwe mdogo kwa umri wa mimba. Huo ndio mstari wa kumi, na hadi leo ndio unaotawala tafiti nyingi.

Denver iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kigali nayo imepita mita 1,500. Utafiti uliofanywa hukohuko Colorado ulionyesha kwamba kila mita 1,000 za kupanda hupunguza uzito wa kuzaliwa kwa gramu 100 hivi, kwa sababu hewa ya juu ina oksijeni haba. Wakosoaji wa Lubchenco walilalamika kwa haki kwamba mchoro wa mji wa mlimani hauwezi kuhukumu watoto wa pwani: mtoto wa Mombasa angeonekana yuko sawa kwa kuwa analinganishwa na waliobanwa na mwinuko. Kwa Kigali, kwa bahati tu, mwinuko unafanana. Lakini wazazi wa Denver waliopimwa walikuwa wengi wao maskini wa mji huo, na hawakuchaguliwa kwa kuwa na afya njema. Mchoro ulieleza watoto wa hospitali moja walivyokuwa. Haukusema mtoto anapaswa kuwaje.

Tofauti hiyo, kati ya walivyo na wanavyopaswa kuwa, ndiyo moyo wa ubishi wote uliofuata.

Mstari wa kumi una tatizo lingine, tena la kihesabu tu. Kwa namna ulivyotengenezwa, lazima watoto 10 kati ya 100 wawe chini yake, hata katika nchi ambayo kila mjamzito anakula vizuri na hana ugonjwa. Wengi wa hao 10 ni wazima: mama mfupi, baba mwembamba, mtoto mdogo mwenye afya. Upande wa pili wa mstari yuko mtoto aliyepaswa kuzaliwa na gramu 3,600, kondo likamwangusha njiani, akazaliwa na 2,950. Yuko juu ya mstari. Kadi yake itasema kawaida, ingawa alikaribia kufa.

Kinachomwangusha ni kondo la nyuma, na hapa inafaa kutulia. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, seli za kondo huingia kwenye mishipa midogo iliyojisokota ya mfuko wa uzazi na kuipanua, mpaka damu ya mama iingie kwa wingi na kwa upole. Kazi hiyo ikifanyika nusunusu, mishipa hubaki myembamba. Kwa miezi kadhaa mtoto anapata cha kutosha kwa sababu mahitaji yake ni madogo. Baadaye anapohitaji zaidi, mlango haufunguki. Mwili wake huanza kugawa kidogo kilichopo: damu huelekezwa kwenye ubongo na moyo, ini hunyimwa, mafuta hayajengwi. Ndiyo maana kwenye altrasaundi kiungo kinachosema ukweli mapema ni tumbo. Kichwa huendelea kukua, na mzunguko wa tumbo unabaki nyuma.

Mpimaji stadi hutafuta picha moja maalumu, ambapo tumbo la mtoto limekatwa kama duara, mfuko wa chakula unaonekana kama tone jeusi na mshipa wa kitovu umejikunja ndani ya ini, kisha anazungusha mstari kwenye ngozi ya nje. Akilikata mshazari, duara linakuwa yai na mtoto ananenepa kwenye skrini bila kula chochote. Hesabu inayogeuza kichwa, tumbo na paja kuwa gramu ilitungwa na Frank Hadlock na wenzake wa Houston mwaka 1985, nayo ikipimwa vizuri bado hukosea kwa asilimia 10 hadi 15. Mchoro wa Hadlock wa mwaka 1991, ulioingizwa ndani ya mashine nyingi zinazouzwa duniani, ulitokana na wanawake 392 wa Texas, wengi wao weupe wa tabaka la kati. Mashine inayowashwa Afrika Mashariki na kutoa neno "ndogo" au "kawaida" mara nyingi inazungumza kwa niaba ya wanawake hao 392.

Sababu za kondo kushindwa tunazijua kiasi. Shinikizo la damu la mimba na kifafa cha mimba ndizo kubwa. Katika ukanda wetu kuna malaria pia: vimelea hujificha ndani ya kondo na kuliwasha, hata mama akiwa hana homa. Rwanda iliacha mwaka 2008 kuwapa wajawazito dawa ya SP ya kinga kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikategemea vyandarua na matibabu ya haraka. Upungufu wa damu, utapiamlo wa mama, virusi vya Ukimwi, mapacha na uvutaji wa tumbaku navyo vimo. Kila sababu ina dawa yake, na ndiyo maana kuwachanganya watoto wote wadogo katika safu moja ni kuwanyima tiba. Mtafiti akisema dawa fulani ya malaria haikupunguza uzito pungufu, hujui kama dawa imeshindwa au kama robo tatu ya watoto aliowapima walikuwa njiti waliokua vizuri ambao dawa hiyo haikuwahusu.

Mwaka 2014 jibu la kwanza la dunia nzima lilitoka Oxford. Mradi wa INTERGROWTH-21st, chini ya José Villar, Stephen Kennedy na Aris Papageorghiou, ulichagua miji 8 na wanawake wenye afya, lishe na huduma nzuri tu, ukawapima kuanzia mimba changa mpaka kuzaa. Afrika Mashariki iliwakilishwa na mtaa wa Parklands jijini Nairobi, chini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, na Ghuba ikawakilishwa na Muscat. Wengine walikuwa Pelotas, Turin, Seattle, Nagpur, Shunyi karibu na Beijing, na Oxford penyewe. Walitangaza kwamba wanawake wakipewa mazingira mazuri, watoto wao hukua kwa kufanana sana, awe Mkenya au Mwitaliano. Kwa msingi huo wakatoa kipimo kimoja: mtoto anavyopaswa kuwa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa michoro yake kutoka nchi 10, Kongo na Misri zikiwamo, kwa wanawake 1,387 hivi. Timu hiyo ya Torvid Kiserud iliona tofauti baina ya nchi, na tofauti zilizotokana na umri, urefu na uzito wa mama, ikashauri kila nchi ijaribu michoro kabla ya kuitumia na kuirekebisha panapohitajika. Huko Korogwe, Tanzania, timu ya Christentze Schmiegelow ilikuwa imekwisha kutengeneza mchoro wake mwaka 2012 kwa wanawake wa kaskazini-mashariki mwa nchi.

Wataalamu wameshika pande, na kila upande una watu ninaowaheshimu. Msimamo wangu ni kwamba katika mji kama Kigali, kipimo kinachoeleza mtoto anavyopaswa kuwa ni bora kuliko kinachoeleza watoto wa jirani walivyo, hata kama kinaongeza wanaoitwa wadogo. Ukitengeneza mchoro kutokana na mama wenye malaria na upungufu wa damu, utaugeuza umaskini kuwa kawaida. Mtoto mwenye njaa atalinganishwa na wenye njaa wenzake na kuambiwa yuko sawa. Jambo la mwinuko limebaki wazi, kwa sababu miinuko mikubwa iliachwa nje ya mradi wa Oxford. Na nchi ya vilima elfu ina haki ya kudai jibu.

Kubishana kuhusu mchoro kuliwaacha madaktari bado na swali la ugonjwa wenyewe. Litazame jaribio la GRIT la Ulaya, lililochapishwa mwaka 2003: liliandikisha mimba ambazo daktari hakuwa na uhakika kama amzalishe mama sasa au asubiri. Jaribio la DIGITAT la Uholanzi, la 2010, lilichukua mimba za wiki 36 na zaidi ambazo tumbo la mtoto au uzito wake uliokadiriwa ulikuwa chini ya mstari wa kumi, au ukuaji wake ulikuwa umelala. TRUFFLE, la 2013, lilitaka tumbo chini ya mstari wa kumi pamoja na upinzani mkubwa wa damu kwenye kitovu kwa kipimo cha Dopla. Majaribio matatu mazuri, milango mitatu tofauti ya kuingilia. Huwezi kuyajumlisha na kupata jibu moja kwa mama aliyeketi mbele yako.

Ndipo Sanne Gordijn wa Groningen na wenzake walipowaita wataalamu kwa njia iitwayo Delfi: kila mmoja anajibu maswali peke yake, anarudishiwa majibu ya jumla ya wengine bila kujua nani kasema nini, anajibu tena. Wataalamu 56 walianza na 45 wakafika mwisho wa raundi nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kabla ya wiki ya 32, mtoto anahesabiwa amekosa kukua ikiwa tumbo lake au uzito wake uliokadiriwa uko chini ya mstari wa tatu, au ikiwa damu kwenye mshipa wa kitovu inasimama moyo unapopumzika. Akiwa kati ya mstari wa tatu na wa kumi, lazima Dopla ya kitovu au ya mfuko wa uzazi nayo ilalamike. Kuanzia wiki ya 32, mstari wa tatu bado unatosha peke yake. Vinginevyo zinahitajika dalili mbili kati ya tatu: kuwa chini ya mstari wa kumi, kushuka kwa kasi kutoka mstari aliokuwa nao, au Dopla isiyo ya kawaida.

Ninapenda hasa dalili ya kushuka. Kwa mara ya kwanza fasili rasmi ilikubali kwamba kukua ni mwendo, na mwendo hauonekani kwa kipimo kimoja. Yule wa gramu 3,600 aliyeishia 2,950 amepata nafasi ya kuonekana. Miaka michache baadaye wataalamu waliongeza orodha mbili za makubaliano: mambo ambayo kila utafiti wa tatizo hili lazima uyaripoti, kuanzia jinsi umri wa mimba ulivyopatikana na mchoro uliotumika, na matokeo ambayo kila jaribio la tiba lazima liyapime. Kazi hiyo haina mvuto wa dawa mpya, wala haiingii kwenye habari za saa mbili usiku. Lakini bila hiyo, utafiti wa Kigali na wa Kilifi hauwezi kusomwa kwa pamoja.

Hata hivyo makubaliano hayo yanadai vitu. Dopla, mpimaji stadi, vipimo viwili vilivyopishana wiki kadhaa, na chini ya yote hayo, tarehe. Tarehe ndiyo inayokosekana.

Utafiti wa kitaifa wa afya na makazi wa Rwanda wa 2019–20 ulionyesha kwamba asilimia 93 ya uzazi hufanyika kwenye vituo vya afya na hospitali. Ni mafanikio makubwa, na nchi nyingi zingeyatamani. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 59 tu ya wajawazito walihudhuria kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 47 walifikisha mahudhurio manne. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apimwe kwa altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Sababu ni ya kimaumbile: mwanzoni mwa mimba vijusi vyote hulingana kwa urefu, kwa hiyo urefu husema umri kwa kukosea siku tano hadi saba tu. Kadiri mimba inavyokua watoto hutofautiana, na kufikia miezi mitatu ya mwisho kosa hufika wiki tatu.

Kosa hilo lina ubaya wake wa pekee, na sijaona likielezwa vya kutosha kwa watu wa kawaida. Mama anakuja Kibagabaga kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na wiki 34 za kweli. Hakumbuki hedhi ya mwisho. Alikuwa bado ananyonyesha. Mtoto wake amekosa kukua na ana ukubwa wa wiki 31. Mashine haimjui mama, inajua vipimo tu, nayo inasema: wiki 31. Hapohapo mtoto mwenye njaa anageuzwa kuwa mtoto wa mimba changa zaidi, aliye kwenye mstari wa katikati wa mchoro wowote utakaouchagua, wa Houston au wa Oxford. Tarehe ya kujifungua inasogezwa mbele wiki tatu. Mama anaambiwa kila kitu kiko sawa, arudi mwezi ujao. Kipimo kilichochelewa humficha yuleyule tunayemtafuta, na jinsi alivyodhoofika zaidi ndivyo anavyofichika zaidi.

Dawa yake inaanzia kijijini. Rwanda ina wahudumu wa afya ya jamii katika kila mudugudu, yaani kijiji, na kwa miaka mingi mmoja wao alipewa kazi ya kushughulikia mama na mtoto mchanga. Mwaka 2009, kuanzia Musanze, walianza kuandikisha mimba kwa ujumbe mfupi wa simu katika mfumo wa RapidSMS. Mhudumu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mama hujua mapema kuliko kliniki yoyote. Katika jaribio kubwa lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Rwanda, taasisi ya afya ya serikali, RBC, na Chuo Kikuu cha California San Francisco, vituo 36 vya afya katika wilaya tano vilishiriki kujaribu huduma ya wajawazito kwa makundi, na wauguzi wa baadhi ya vituo hivyo walifundishwa altrasaundi ya msingi. Huduma ya makundi haikubadilisha wastani wa umri wa mimba wakati wa kuzaa. Ilionyesha hata hivyo kwamba mashine inaweza kushuka kutoka hospitali ya wilaya hadi kituo. Wakunga wa Rwanda waliohojiwa katika utafiti wa CROCUS, uliochapishwa na Sophia Holmlund na wenzake mwaka 2017, walisema wazi kwamba wanataka kufundishwa kupima wenyewe.

Kwa Dopla pia njia imeonekana. Umbiflow ni kifaa kilichobuniwa Afrika Kusini ambacho husikiliza mwendo wa damu kwenye kitovu bila picha, na muuguzi hujifunza kukitumia kwa muda mfupi. Rwanda na Kenya zilikuwamo katika utafiti wa nchi tano, pamoja na Ghana, India na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022. Wanawake wapatao 7,000 wasio na dalili yoyote ya hatari walipimwa, na takriban asilimia 7 walikutwa na upinzani usio wa kawaida kwenye mshipa wa kitovu. Wanawake hao kwa utaratibu wa kawaida wangeambiwa waende nyumbani.

Pwani nayo ina hazina yake. Pemba, kupitia mradi wa AMANHI na maabara ya Ivo de Carneri, ilipima umri wa mimba mapema kwa altrasaundi na kuhifadhi sampuli za mama na watoto. Huko Rabai na Mariakani, kaunti ya Kilifi, mtandao wa PRECISE umewafuatilia wajawazito ukitazama kwa pamoja matatizo yote ya kondo: kifafa cha mimba, mtoto aliyekosa kukua, na mtoto aliyezaliwa mfu. Tafiti hizi zikitumia fasili moja na kuripoti mambo yaleyale, zinaweza kujibu swali la malaria, la mwinuko na la lishe kwa nguvu ambayo hakuna hata moja kati yake inayo peke yake.

Wanaosubiri jibu si wachache. Makadirio ya mwaka 2020 yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yalihesabu watoto milioni 21.9 duniani waliotimiza miezi lakini wakazaliwa wadogo kwa umri wao, na milioni 1.5 waliokuwa njiti na wadogo kwa pamoja. Kuhusu udumavu, ambao utafiti wa 2019–20 uliukuta kwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano, uchambuzi wa nchi nyingi unakadiria kuwa sehemu moja ya tano ya tatizo hilo huanzia tumboni. Uji wa lishe wa mwaka wa pili unakuja ukiwa umechelewa kwa watoto hao.

Kuna funzo la daftari ambalo wakunga wetu wanastahili kulisikia. Mwaka 1911 Margaret Burnside, msimamizi wa wakunga katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza, aliagiza kila mtoto apimwe uzito akizaliwa na akifika mwaka mmoja, na namba ziandikwe. Miaka 78 baadaye David Barker alizitumia kuonyesha kwamba wanaume waliozaliwa wadogo walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Wakunga wale hawakuwa na mashine. Walikuwa na mizani, na nidhamu ya kuandika walichokiona.

Kwa hiyo hata pasipo na Dopla wala kipimo cha mapema, Kibagabaga ina jambo inaloweza kufanya leo. Mwaka 2018 wataalamu walikubaliana pia fasili ya mtoto mchanga aliyekosa kukua. Uzito chini ya mstari wa tatu unatosha. La sivyo, zinahitajika tatu kati ya tano: uzito chini ya mstari wa kumi, mzunguko wa kichwa chini ya mstari huo, urefu chini ya mstari huo, tatizo kugunduliwa wakati wa mimba, au ugonjwa wa mama unaojulikana kuharibu kondo, kama shinikizo la damu. Futikamba, ubao wa urefu, mizani inayosoma gramu kumikumi, na tarehe bora zaidi inayopatikana pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopatikana: basi. Ni dakika chache kwa kila mtoto.

Dakika hizo zina faida hata kwa mama yule wa mtoto wa wiki 40. Akiruhusiwa na kadi iliyoandikwa "uzito pungufu", mimba yake ijayo itaanza kama ya mtu yeyote. Ikiandikwa kwamba mtoto alikosa kukua tumboni na presha ya mama ilipanda, mkunga atakayeisoma atajua kumpima mapema, kufuatilia kimo cha mimba kila anapokuja, na kumwomba daktari aamue kama aanzishiwe aspirini ya dozi ndogo. Aspirini hiyo hutolewa kwa walio katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, na huanza kabla ya wiki ya 20. Wengi siku hizi wanasisitiza kabla ya wiki ya 16.